Kuku Nao Wahitaji Maji Safi

Katika Kudha na visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini-magharibi ya Kismayo, maji matamu ni mali. Watu hutegemea mvua za Gu, zinyeshazo tangu Aprili hadi Juni, na za Deyr za Oktoba na Novemba, pamoja na visima vifupi ambavyo maji yake mara nyingi huwa na chumvi. Si ajabu basi kuku kuachiwa maji yaliyooshea vyombo, au yaliyolala siku tatu katika kigae uani.

Akiba ya namna hiyo ni hasara. Kuku ni mayai ya watoto, ni kitoweo cha mgeni, tena ni fedha ya mama wa nyumbani wakati bahari imechafuka na mashua hazitoki. Ugonjwa ukiingia, banda zima laweza kwisha kabla dawa haijafika kutoka Kismayo.

Kuku mgonjwa huacha ute na kinyesi katika chombo cha maji, na wenzake hunywa humo humo. Hivyo ndivyo waeneavyo bakteria wa kipindupindu cha kuku, na wale wa salmonela waletao homa ya matumbo ya kuku na kuhara kweupe kwa vifaranga. Joto la pwani huwaongezea nguvu. Katika hali iwafaayo, baadhi ya bakteria hugawanyika kila dakika 20; mmoja aliyeingia saa 12 asubuhi aweza kuwa zaidi ya milioni 2 ifikapo saa 7 mchana. Tena ziko aina za salmonela zimdhuruzo binadamu, hasa watoto wachezao uani.

Kazi ya kwanza ni kusugua chombo kila siku, kwa kuwa utando wenye utelezi ulioshika ndani yake ni maskani ya bakteria. Ili kuokoa maji matamu, chombo chaweza kusuguliwa kwa mchanga na maji ya bahari, yaliyochotwa mbali na mahali watu wanapojisaidia. Kisha kisuuzwe kwa maji matamu kidogo na kuanikwa juani hadi kikauke.

Kazi ya pili ni kuyasafisha maji yenyewe. Mahali ambapo kuni na makaa ni ghali, jua latosha. Katika miaka ya 1980 Profesa Aftim Acra na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria wa majini. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu na kulazwa juani kwa saa 6. Mawingu yakitanda, kwa siku 2. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Yakishapoa ndipo wanyweshwe kuku, kwani kuku hupunguza kunywa maji yakiwa moto.

Penye klorini ya maji ya kufulia, isiyo na manukato na yenye nguvu ya asilimia 5, yatiwe matone 2 kwa kila lita 1, kisha yaachwe nusu saa. Lakini chanjo inayotolewa kwa njia ya maji isichanganywe na maji yenye klorini, maana itaharibika. Ikumbukwe pia kwamba maji safi hayachukui nafasi ya chanjo ya mdondo, ugonjwa uletwao na virusi. Wala jua na klorini haviondoi chumvi. Maji ya chumvi nyingi huwaharisha kuku, na vifaranga ndio wasioyavumilia zaidi.

Chombo kiwekwe kivulini, juu ya jiwe, kilingane na mgongo wa kuku ili wasikanyage wala kunyea humo. Maji yabadilishwe asubuhi na alasiri.

Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na penye joto kali hukaribia nusu lita. Kuku 10 basi hawahitaji zaidi ya lita 5, yaani chupa 3 zilizolazwa juani. Uhaba wa maji si sababu ya kuwanywesha kuku uchafu, bali ni sababu ya kuyatunza vema hayo machache yaliyopo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.