Damu Inapoganda Mguuni

Mwaka 1940, wakazi wa London walipokuwa wakijikinga na mabomu, Keith Simpson, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, aligundua kwamba baadhi yao walikufa ghafula baada ya kuketi usiku kucha katika viti vya turubai. Ukingo wa kiti uliibana mishipa nyuma ya mapaja.

Damu ya miguuni hupanda kwenda moyoni kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu. Misuli ikitulia mno, damu hutuama na huweza kuganda. Donge likibanduka huenda mapafuni, na huweza kuua.

Basi msafiri wa safari ndefu na atembee kila apatapo nafasi, au akunje na kunyosha vifundo vya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikibana ghafula, aende hospitali bila kukawia.