Gurudumu Dogo na Mwendo Mkubwa

Watu wetu husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu umewafariji wafiwa wengi, nasi hatuna nia ya kuudharau. Lakini ukitumiwa mahali pasipo pake huwa kimbilio la mtengenezaji mzembe, la mwenye kukodisha asiyejali, na la wakuu wa mji wasioziba mashimo. Leo twataka kuupima kwa chombo kimoja, nacho ni skuta ya umeme: ubao mwembamba wenye magurudumu mawili madogo, mlingoti wa usukani mbele, na betri ambayo aghalabu imo chini ya miguu ya mpandaji, naye husimama wima.

Chombo hiki kina sifa zake, na haki yake tuipe. Hakitoi moshi, hakipigi kelele, nacho humfikisha mfanyakazi kutoka kituo cha treni hadi mlango wa kiwanda bila jasho. Skuta za kukodi zilianza kuenea mwaka 2017 katika mji wa Santa Monica, California, na mwaka uliofuata zikawa zimejaa Paris. Kasoro yake imo katika vipimo vyake vyenyewe, na kila mpandaji yafaa aijue.

Gurudumu la baiskeli ya kawaida lina kipenyo cha sentimita 70 hivi. La skuta aghalabu ni sentimita 20 hadi 25 tu. Magurudumu haya mawili yakikutana na ukingo wenye kimo cha sentimita 5, huku yamebeba uzito ulio sawa, lile dogo kabisa huhitaji nguvu ya karibu mara tatu ili lipande. Ndiyo maana shimo ambalo mwenye baiskeli hulivuka kwa mtikisiko mdogo, laweza kuisimamisha skuta ghafula. Chombo husimama, lakini mwili wa mpandaji huendelea mbele kwa mwendo ule ule aliokuwa nao, ukapita juu ya usukani. Anayetua hivyo hutua kwa mikono, kwa uso, na kwa kichwa.

Jambo la pili ni mizani. Chombo cha magurudumu mawili hakianguki kikiwa katika mwendo kwa sababu gurudumu la mbele hugeuzwa kuelekea upande ule kinakotaka kuangukia, kikajiinua tena. Baiskeli iliyoundwa vema, ikifika mwendo fulani, huweza kufanya hivyo yenyewe hata bila mtu. Kwa miaka mingi watu walidhani siri yote ni kuzunguka kwa magurudumu, mpaka mwaka 2011 wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walipoonyesha kwamba mgawanyo wa uzito na umbo la usukani navyo vyaweza kuifanya kazi hiyo. Skuta ina gurudumu jepesi lisilosaidia sana, kwa hiyo kazi kubwa ya mizani huiachia mikono ya mpandaji. Akiondoa mkono mmoja ili aashirie kwamba anakata kona, usukani huanza kuyumba. Akitundika mfuko juu ya usukani, au akimpakia mwenzake, hali huwa mbaya zaidi.

Tena mpandaji amesimama, na uzito wa mwili wake uko juu, hali magurudumu yamekaribiana. Akibana breki ya mbele kwa ghafula, chombo hutaka kuinuka nyuma na kumrusha. Dawa yake ni kutanguliza mguu mmoja, kukunja magoti, kurudisha uzito nyuma, na kuanza kupunguza mwendo mapema. Hali kadhalika yafaa ajihadhari na mvua, hasa akiwa na matairi magumu yasiyojazwa upepo, kwa maana hayashiki vema barabara iliyolowa na kila mtikisiko huupeleka mwilini.

Na mwendo je? Watu hudhani tofauti ya kilomita 20 na kilomita 25 kwa saa ni ndogo. Sivyo. Nguvu ya kugonga huongezeka kwa kadiri ya mwendo ukizidishwa kwa mwendo wenyewe, na hizo kilomita 5 za ziada huongeza nguvu hiyo kwa zaidi ya nusu. Ujerumani ilipoziruhusu skuta barabarani mwezi Juni 2019, iliweka mpaka wa kilomita 20, ikataka breki mbili zisizotegemeana, na ikazikataza kupita njia za waendao kwa miguu. Ufaransa iliweka kilomita 25 mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Lakini Paris ilikwisha chelewa. Mwezi Juni 2021 mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea kando ya mto Seine aligongwa na skuta iliyobeba watu wawili, akafariki. Baada ya hapo skuta za kukodi zililazimishwa kwenda kilomita 10 kwa saa katika sehemu kadhaa za mji. Tarehe 2 Aprili 2023 wakazi waliitwa kupiga kura. Waliojitokeza hawakufika 8 katika kila 100, na karibu 89 katika kila 100 ya hao walizikataa. Kufikia mwisho wa Agosti mwaka huo skuta za kukodi zipatazo 15,000 ziliondolewa. Skuta za watu binafsi hazikuguswa, nazo zina gurudumu lile lile dogo.

Sisi twaona hapa somo kubwa. Biashara iliingia mjini kabla ya sheria. Mpandaji alitozwa kwa dakika, basi kila dakika aliyookoa ilikuwa fedha mfukoni mwake, naye alivutwa kukimbia. Alipoanguka akaambiwa ni uzembe wake. Mwishowe mfanyakazi aliyeitegemea skuta hiyo kwa adabu alinyang'anywa pamoja na mhuni. Denmark ililazimisha kofia ngumu tangu mwanzo wa 2022, na Italia tangu Desemba 2024. Ni jambo jema, lakini kofia haizibi shimo.

Huku kwetu pikipiki za umeme zimekwisha ingia Kigali na Nairobi, na skuta haitakawia kuenea. Bodaboda ilitukuta hatujajiandaa, na wodi za mifupa zinashuhudia. Je, tungoje tena? Twataka mwenye kuleta chombo aandike wazi kipenyo cha gurudumu, mwendo wa mwisho na aina ya breki. Twataka mpaka wa mwendo uwekwe kabla ya chombo cha kwanza kukodishwa. Twataka barabara na mashimo yake vipimwe kwa gurudumu dogo, si kwa gurudumu la gari la mkubwa. Na mpandaji, kwa upande wake, avae kofia, apande peke yake, na akumbuke kwamba mwenda pole hajikwai.

Yote haya yakitimizwa na bado mtu akaanguka, hapo ndipo tutakapokubali kusema kwamba ajali haina kinga.