Umri wa Boma Pekee Hautoshi Kulilinda: Sheria ya Malikale na Majengo ya Kijerumani Rungwe

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, uliitwa Neu Langenburg wakati wa utawala wa Wajerumani. Machifu wa Wanyakyusa walipoteza mamlaka juu ya nchi yao, na amri zikawa zinatoka bomani. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji huo, lakini uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba, 1961.

Majengo ya enzi hizo, likiwemo boma la Masoko kando ya ziwa la kreta, ni ushahidi wa historia hiyo. Hata hivyo, umri wake pekee hauyapi ulinzi wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886, ilhali Wajerumani walijenga Rungwe baada ya mwaka huo. Jengo la baadaye hulindwa endapo Waziri mwenye dhamana atalitangaza rasmi kuwa kumbukumbu ya Taifa.

Aidha, Sheria hiyo inakataza kuchimba ardhi kutafuta malikale bila leseni, na inamtaka anayezigundua kutoa taarifa kwa mamlaka husika bila kuchelewa.

Kwa msingi huo, wananchi wanaothamini jengo la kihistoria katika eneo lao wanapaswa kuwasilisha hoja mapema. Tangazo linaloletwa baada ya kuta kubomolewa halina tena cha kulinda.