Gari la Zamani Uani: Baba Afurahi, Nyumba Isiumie

Katika mitaa yetu hayakosekani magari yaliyolala chini ya miembe, matairi yamekwisha upepo na kuku wanataga ndani. Halafu siku moja Baba anasema, "Mama watoto, hili tutalifufua." Je, mama wa nyumbani aipokeeje habari hiyo? Wengine hununa, wengine huitikia tu kisha wakalia fedha zinapokwisha. Sisi tunaona iko njia ya tatu: kuijua kazi yenyewe, na kupanga pamoja.

Wamarekani hufufua magari yao yenye injini kubwa ya miaka ya 1960, kama Ford Mustang. Kwetu Afrika Mashariki, gari linalowagusa wanaume wengi ni Peugeot. Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari Rally kwa Peugeot 404 mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Peugeot 504, iliyotolewa mwaka 1968, ilishinda mashindano hayo mwaka 1975 na 1978. Ziliunganishwa pia Kenya, na wasafiri wengi wa Nairobi na Nakuru walibebwa na 504 ndefu. Kwa hiyo Baba anapolitazama gari hilo, anaona ujana wake na labda baba yake pia. Tusimcheke.

Kabla ya kununua

Injini huweza kufunguliwa na kutengenezwa, lakini bodi iliyoliwa na kutu ndiyo inayomaliza fedha. Chukueni sumaku ndogo, ifungeni kitambaa, mpitishe juu ya bati. Pale isiposhika, mara nyingi pamejazwa puti na kupakwa rangi. Inueni mazulia, mchokoe sakafu na chini ya milango kwa bisibisi. Ikizama, hapo patahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Hakikisheni pia kwamba kadi ya gari ipo, na kwamba jina na namba ya chesisi vinalingana.

Daftari la fedha

Fedha za ada, chakula na matibabu zisichanganywe na za gari hata siku moja. Wekeni kiasi kidogo kila mwezi, na kazi iende kwa kasi ya kiasi hicho. Katika kila shilingi 10,000 iliyotengwa, 2,000 ibaki pembeni kwa yale yasiyotarajiwa, maana gari la zamani halikosi la kushangaza. Kubalianeni pia kiwango cha mwisho. Kikifikiwa, kazi isimame hadi mzungumze tena.

Utaratibu nao huokoa fedha. Anzeni na kutu na kuchomelea, kisha breki, usukani na matairi, halafu injini, radieta na nyaya za umeme. Viti na rangi viwe vya mwisho. Wanaoanza na rangi huibomoa tena fundi anapokuja kuchomelea. Kazi za kufungua, kusafisha na kusugua kutu Baba anaweza kuzifanya mwenyewe Jumamosi. Kuchomelea na breki apewe fundi anayeaminika. Spea zilizotumika hupatikana Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, lakini mwende na kifaa cha zamani mkononi ili mlinganishe. Pedi za breki na mipira ya breki msinunue zilizotumika. Kwenye tairi someni tarakimu nne za mwisho: 0812 ni wiki ya 8 ya mwaka 2012. Tairi la zamani hivyo, hata kama meno yake ni mazuri, liacheni.

Afya ya watoto

Hapa ndipo sisi wauguzi tunapoomba mtusikilize zaidi.

Kwanza, petroli, mafuta ya taa na maji ya breki visiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto huona soda. Akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa ili atapike, kwa kuwa mafuta yakirudi huingia katika mapafu na hapo ndipo hatari ilipo. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Pili, rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Msasa utumike na maji, watoto na vyombo vya chakula vikiwa mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Breki za zamani nazo huweza kuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe, lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Tatu, injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na ni rahisi kudhani ni malaria.

Nne, mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huinua tu. Vinavyoshikilia ni stendi za chuma juu ya ardhi ngumu. Na jiko la mkaa likae mbali, kwa sababu mvuke wa petroli hutambaa chini hadi kwenye moto. Tindikali ya betri ikimrukia mtu, osheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha mwende hospitali.

Mama naye ana nafasi

Mama, omba daftari likae kwako. Wakubwa wapewe kupanga nati katika makopo yenye majina. Kijana aliye jirani na baba yake kila Jumamosi hujifunza kazi ya mikono na uvumilivu, na mengi atayasema hapo ambayo asingeyasema mezani.

Huenda kazi ikachukua miaka 2 au 3. Si hasara, ikiwa ada imelipwa, watoto ni wazima, na ninyi wawili bado mnazungumza.