Njia ya Wazi na Hongo Zake: Mfumo wa Android ni wa Nani?

Ipole ni njia panda. Barabara itokayo Tabora kupitia Sikonge hugawanyika hapo: moja huelekea Koga na Mpanda, nyingine Rungwa na kuendelea hadi Mbeya. Tulipokuwa huko kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo, mzee mmoja mfugaji nyuki alitukabidhi simu yake ya kugusa. Programu aliyoitumia kuwasiliana na wanunuzi wa asali ilikuwa imegoma kufunguka, ikidai kwamba mfumo wa simu umepitwa na wakati.

“Mafrateri,” alisema, “kioo kizima, betri nzima, chaji inakaa siku mbili. Sasa uzee wake uko wapi?”

Mmoja wetu alijibu harakaharaka kwamba simu hiyo inatumia Android, na Android ni mfumo huria, mali ya wote. Mzee akatutazama. “Kama ni ya wote, nani amenifungia?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jitihada ya kulitafuta.

Mfumo endeshi na msimbo wake

Simu bila mfumo endeshi ni kama nyumba iliyojengwa ikakosa mwenyeji. Mfumo endeshi ndio unaopokea amri ya kidole chako, unaogawa kumbukumbu kwa programu, unaowasha kamera na kuzima redio. Umeandikwa na watu kwa lugha za kompyuta, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi hufungia msimbo wao kabatini. Mfumo huria ni ule ambao msimbo wake umewekwa hadharani, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuunakili, kuubadili na kuugawa.

Kiini cha Android kinaitwa Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Alikiweka hadharani, na watu asiowajua wakaanza kumtumia marekebisho. Kazi ikaendelea kwa ujima, kama majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, ila hawa majirani wako katika nchi mbalimbali na wengi hawajawahi kuonana. Kampuni ya Android iliyoanzishwa mwaka 2003, na kununuliwa na Google mwaka 2005, ilijenga juu ya kiini hicho. Novemba 2007 ulitangazwa muungano wa kampuni za simu za kuuendeleza mfumo huo, na mwaka 2008 simu ya kwanza ikauzwa na msimbo wa Android ukafunguliwa kwa umma.

Leseni mbili

Hapa ndipo neno “huria” linapohitaji kupambanuliwa. Tuchukue mfano wa mbegu. Jirani wa kwanza anakupa mbegu kwa sharti: ukimpa mtu mwingine mbegu zilizotokana na hizi, hata kama umeziboresha, mpe kwa sharti hilihili. Jirani wa pili anakupa bila sharti hilo. Ukitaka kuziboresha na kuzifungia ghalani, hiari yako.

Linux inafuata leseni ya jirani wa kwanza, iitwayo GPL. Anayegawa kiini hicho akiwa amekibadili anawajibika kutoa pia msimbo wa mabadiliko yake. Sehemu kubwa ya Android iliyojengwa juu ya kiini inafuata leseni ya jirani wa pili, iitwayo Apache. Mtengenezaji wa simu anaweza kuichukua, kuiongezea vitu vyake na kuvifunga.

Hongo njiani

Msomaji wa Tabora ataelewa haraka tukimkumbusha njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na Ujiji. Haikuwa na mwenye mali mmoja. Ilitengenezwa na nyayo za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliopita msimu baada ya msimu. Hata hivyo, watawala waliokuwa njiani walidai hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa kupita, si rushwa kama leo. Ugogo ulisifika kwa hilo, maana huko maji yalikuwa machache na bila maji msafara haufiki. Njia ilikuwa wazi, lakini malango yalikuwa na wenyewe.

Android iko hivyo. Msimbo wa msingi uko wazi, lakini duka la programu la Google Play, ramani za Google na huduma ambazo programu nyingi huzitegemea si huria. Mtengenezaji anayezihitaji lazima akubali masharti ya Google. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa sababu ya baadhi ya masharti hayo, likiwemo lile lililozuia watengenezaji kuuza simu zenye Android iliyobadilishwa na wengine. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza faini hiyo hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki. Aidha, mwezi Machi 2025 Google ilitangaza kwamba kazi ya kuiendeleza Android itafanyika ndani ya kampuni, na msimbo utatolewa toleo likishakamilika. Kwa hiyo jamii inapokea chakula kikiwa kimeiva, jikoni haingii.

Kuna lango jingine, nalo ndilo lililomkwaza mzee wetu. Ili toleo jipya lifike kwenye simu, mtengenezaji wa chipu lazima atayarishe programu za kuendesha vifaa vyake, ambazo mara nyingi zimefungwa. Kisha mtengenezaji wa simu alilinganishe toleo hilo na kila aina ya simu aliyouza. Kwa simu za bei nafuu, wengi huacha kazi hiyo mapema. Msimbo mpya upo hadharani, ila hakuna aliyeubeba hadi Ipole.

Njia ikifungwa

Je, uwazi una faida gani basi? Turudi kwenye historia. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Msafara wa Stanley ulizunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, ukafika Ujiji. Penye njia ya wazi, anayefungiwa anaweza kuchonga nyingine.

Ndivyo ilivyotokea kwa CyanogenMod, toleo la Android lililoanza mwaka 2009 kwa kazi ya watu wa kujitolea. Desemba 2016 kampuni iliyokuwa imelichukua ilifunga huduma zake. Jamii ikachukua msimbo uleule na kuuendeleza kwa jina la LineageOS, na hadi leo unazipa uhai simu ambazo watengenezaji wamezisahau. Vivyo hivyo Firefox OS, mfumo wa simu wa shirika la Mozilla uliotangazwa mwaka 2011: Mozilla ilipouacha, msimbo wake ukawa msingi wa KaiOS, na mwaka 2019 Vodacom Tanzania ikauza Smart Kitochi inayotumia mfumo huo. Mradi uliokufa ughaibuni ulifufukia kwenye kitochi cha Mtanzania.

Ruhusa haina miguu

Lakini tusijidanganye. Haki ya kuzunguka njia haimfikishi mtu asiyetembea. Katika LineageOS kila aina ya simu inahitaji mtu wa kujitolea anayeitunza. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazimo katika orodha yao, kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kuzitunza, na baadhi ya watengenezaji hawatoi hata msimbo ambao GPL inawadai.

Watanzania wamewahi kuonyesha kwamba wanaweza kutembea. Desemba 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, hivyo wafasiri hawakuhitaji kuomba kibali. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, wakitumia simu za Android na programu huria za kukusanya taarifa. Kutafsiri, kuripoti hitilafu, kuchora njia ya kijiji: hizo zote ni kazi za ujima, na si zote zinazohitaji mtu ajue kuandika msimbo.

Jibu kwa mzee

Tulipoipata orodha ya LineageOS, simu ya mzee haikuwemo. Tulimweleza ukweli: asiweke mambo ya benki kwenye simu isiyopata tena masasisho ya usalama, na atakaponunua nyingine, kabla ya kuuliza ukubwa wa kamera aulize itasasishwa kwa miaka mingapi. Nawe msomaji, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, utazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Hapo utajua kama bado kuna anayeitunza simu yako.

“Kwa hiyo njia haikufungwa,” mzee alisema. “Imeota majani tu.”

Jioni moja kabla ya kuondoka alitutajia vijito na njia za msituni, nasi tukaziingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu akishaipakua huitumia hata pasipo mtandao. Tulipofika kwenye vijia vya kwenda kwenye mizinga yake, akainua mkono. “Hivyo viacheni. Hivyo vina mwenyewe.”