Je, Wajua? Kitabu cha safarini hukumbuka njia

Mwaka 1905 Mfaransa Marcel Proust alichapisha insha kuhusu usomaji, akidai kwamba vitabu tulivyovipenda utotoni, tukivifungua tena, huturudishia nyumba na siku tulizovisomea kuliko hata yaliyomo ndani. Hoja hiyo yamfaa pia aliyemaliza riwaya melini au garimoshini. Mwaka 1975 wanasaikolojia Godden na Baddeley waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno: waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi majini kuliko nchi kavu. Basi mahali na maneno huweza kufungamana.

Pingamizi lipo, tena zito: jaribio hilo lilirudiwa, na matokeo yaliyochapishwa 2021 hayakulithibitisha. Lakini yale yalikuwa maneno makavu (nani hupenda orodha?), ilhali riwaya uliyoipenda ina hamu, ina wahusika, na pengine doa la chai au tiketi ya basi iliyosahauliwa kurasani. Wengine watasema tunachokumbuka ni ujana wetu, si kitabu. Proust hakulikana hilo, ndiko alikoanzia. Kwa hiyo ukinunua toleo jipya, nakala ile iliyochakaa usiigawe.