Vipande vya Chupa Vinavyoisemea Unguja Ukuu

Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, jembe huibua vitu ambavyo mkulima hakuvipanda: vigae, shanga, mifupa ya samaki, na pengine kipande cha kioo chembamba cha rangi ya kijani, hakizidi ukucha. Wengi tungekitupa mbali kisije kikamkata mtoto mguu.

Tangu karne ya 7 hadi ya 11 hivi, hapa palikuwa na bandari. Uchunguzi wa vipande vya chupa na vikombe vya wakati huo umeonyesha kwamba vingi ni kioo cha aina iliyotengenezwa Iraki na Uajemi.

Hilo limejulikanaje? Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake hutaka moto mkali mno, basi mafundi huuchanganya na kitu cha kurahisisha kazi. Kwa karne nyingi mafundi wa Misri na Shamu walitumia magadi. Wenzao wa Iraki na Uajemi walichoma mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi, wakatumia majivu yake. Majivu huacha magnesi na potasi nyingi ndani ya kioo. Magadi huacha kidogo. Kama vile mlaji anavyotambua mkono wa mpishi, mkemia hutambua mapishi ya kioo. Hukipiga kipande kwa mwali wa leza, kikatoboka kitundu ambacho jicho halikioni, kisha vumbi linalotoka hupimwa, elementi moja baada ya nyingine. Kipande chenyewe hubaki kizima.

Tusikiongezee maneno, lakini. Kipimo hueleza kioo kilipikwa wapi. Hakisemi jahazi lilikuwa la nani, wala nani alishika chupa hiyo mara ya mwisho. Vioo vilivyovunjika viliweza kukusanywa vikayeyushwa upya, na mapishi mawili yakachanganyika. Wala vipande vichache havithibitishi kwamba kila nyumba ilikuwa na utajiri.

Kwa mvuvi wa leo, anayeujua upepo wa kaskazi bila kusoma kitabu, habari hii si ngeni sana: ni upepo huohuo ulioyaleta majahazi kutoka Ghuba. Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni kwamba mji huo uliokula samaki wa pwani hii ulitumia pia vyombo vya ng'ambo. Na mwanafunzi anayelalamika kwamba maandishi ya zama hizo ni machache, ajue kuwa maabara nayo ni chanzo cha historia.

Chupa za karibuni nazo husema. Tazama mshono wa kalibu ubavuni: ukipanda mpaka juu ya mdomo, chupa hiyo kwa kawaida ni ya mashine, na mashine ya kutengeneza chupa inayojiendesha yenyewe ilianza kazi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Ila huo ni umri wa kutengenezwa. Chupa hutumika tena na tena, kwa mafuta ya taa, kwa asali, miaka mingi kabla ya kutupwa.

Yote haya hutegemea kujua kipande kimelala wapi, kina gani, kando ya nini. Kikishaokotwa na kutiwa mfukoni, nusu ya habari imepotea. Ukikutana nacho shambani, kiache palepale, weka alama, umwarifu sheha au ofisi ya mambo ya kale.